Refa wa Kiwanja cha Changarawe

Jirani yetu aliporudi kutoka masomoni Uingereza, mama yake alipita nyumba kwa nyumba na visahani vya halwa, na sote tukamtakia kheri kwa shahada ya mwanawe. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya begi la kijana yule mlikuwa na mpira wenye umbo la yai. Tulikuja kuujua wiki chache baadaye, mpira huo ulipoangukia uani kwetu, ukadunda huku, ukadunda kule, ukamkosa kidogo tu mama yangu aliyekuwa akianika kanga zake.

Jirani alikuja mlangoni kuomba radhi. Mama alimkabidhi mpira wake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe, akamuuliza ni mpira gani huu usiojua uendako. Yule kijana akacheka, akaanza kueleza, na mama akakubali kusikiliza kwa sababu alimpenda mama yake.

Alisema ni mpira wa raga, lakini raga ya ligi, ya wachezaji kumi na watatu kila upande. Kule alikosoma, kaskazini mwa Uingereza, wenzake wa chuo walimpeleka siku moja kutazama mechi kwenye klabu ndogo ya mtaani. Mvua ilikuwa inanyesha, na mchezo wenyewe hakuuelewa. Kilichomshika ni watu. Babu alikuwa anauza chai, bibi anafua jezi, baba anachora mistari ya chokaa, na watoto wadogo wanacheza kwanza kabla ya wakubwa. Kila mtu pale alikuwa na kazi, alisema, na kila mtu alimjua mtoto wa mwenziwe. Alirudi kwetu Al Amerat, nje kidogo ya Maskati, akiwa na hamu ya kitu kama kile.

Mtaa wetu ulikihitaji, ingawa hatukujua. Nyumba zetu ni mpya, kubwa, zenye kuta ndefu. Wazazi tunavuka mlima asubuhi kwenda kazini mjini na kurudi magharibi tumechoka, na watoto wanashinda ndani na simu zao. Familia ya jirani ni ya Waomani waliotoka Tabora, sisi ni wa Unguja, na mbele kidogo kuna wenyeji wa Al Amerat tangu hapo. Tulisalimiana vizuri kwenye harusi na misiba, lakini siku za kawaida kila mtu alikuwa na geti lake.

Nyuma ya safu yetu ya nyumba palikuwa na kiwanja kitupu cha changarawe, chini ya kilima. Kilikuwa na mwenyewe, sote tulimjua, ila alikuwa hajajenga. Jirani alimwomba ruhusa, akaokota mawe makubwa akayapanga kando, na Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri akaanza na watoto wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wawili walikuwa wapwa zake, hawakuwa na hiari. Mmoja alikuwa binti yangu.

Binti yangu wakati ule alikuwa na miaka tisa, mrefu kuliko wenziwe, na mabega mapana ya upande wa baba yake. Alikuwa amekwisha kuzoea kuambiwa akae vizuri, ashike kikombe vizuri, asikimbie ndani ya nyumba. Kwenye picha za harusi alijipanga mwenyewe nyuma. Siku ile alimwona jirani kupitia dirishani na mpira wake, akaniomba ruhusa kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekwisha kujiandaa kukataliwa.

Mama yangu alikataa kabla yangu. Alisema mtoto wa kike hapelekwi kugaragazwa kwenye mawe, na kwamba baba wa mtoto angekuwepo asingekubali. Mume wangu anafanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani, wiki mbili yuko, wiki mbili hayuko, na mama alizoea kunukuu maoni yake anapokuwa mbali. Nilimpigia simu mbele yake. Mume wangu akasema, mwache akimbie. Tena watoto wale walikuwa hawaangushani. Kila mmoja alifungwa vitambaa viwili kiunoni, na kumkaba mtu ilikuwa ni kumnyakua kitambaa basi.

Mama akakubali kwa sharti kwamba na yeye atakuwepo. Kwa hiyo kila Ijumaa niliegesha gari kando ya kiwanja, injini ikiunguruma, kiyoyozi kimewashwa, na mama kiti cha mbele na birika lake la kahawa. Dirisha alilishusha kiasi cha vidole viwili, ili joto lisiingie na sauti yake itoke. Jambo lililomkera zaidi ni kwamba katika mchezo ule mpira hupasiwa kwa mkono kurudi nyuma tu, na mbele unakwenda kwa kukimbia nao. Mama aliona ni upungufu wa akili. Alikuwa akiwapigia watoto kelele wampe yule aliye mbele, huyo, hana mtu, na watoto wakimtii, jirani hupuliza filimbi. Ilimchukua msimu mzima kukubali, na hata hapo alisema watu wanaokwenda mbele kwa kurudi nyuma ni kaa.

Watoto waliongezeka. Mwanzo walikuja wa mtaani, halafu binamu zao wa mtaa wa pili, halafu wenzao wa skuli. Jirani alikuwa na msaidizi, kijana wa ami yake, lakini huyo akapata kazi mbali, Salala. Akabaki peke yake na makundi mawili, wakubwa na wadogo, na filimbi moja. Nilikuwa nimesimama nje ya gari siku aliponijia.

"Dada," aliniambia, "hakuna mtu aliyeutazama mchezo huu kuliko wewe. Nisaidie na wadogo, mpaka nipate mtu."

Huyo mtu hajapatikana mpaka leo.

Mimi ni mfamasia. Nafanya kazi katika duka la dawa mjini, Khuwair ya Kusini, na kazi yangu imenifundisha kusema kwa sauti ya chini, maana anayekuja na maradhi yake hapendi foleni nzima isikie. Sasa nilitakiwa nipaze sauti inisikie changarawe yote. Sheria jirani alinifundisha juu ya boneti ya gari langu, kwa kokwa za tende. Hizi ni wetu, hizi ni wao. Ukikabwa, aliyekukaba anakuachia, unainuka, unauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa unyayo, na mchezo unaendelea. Mnapewa mara sita. Mkikabwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mama, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alisema mara sita ni nyingi, asiyefahamu kwa mara tatu hafahamu tena.

Refa wa mchezo huu anatakiwa ahesabu kwa sauti, ili watoto wajue wamebakiwa na mara ngapi. Nilikusudia kuhesabu kwa Kiarabu, lugha ya skuli zao. Lakini watoto walinizunguka, vumbi likanijaa kinywani, nikababaika, na mimi nikibabaika hesabu hunitoka kwa Kiswahili, kwa vile ndiyo niliyofundishwa na mama kwa punje za kunde kabla sijaanza skuli. Moja, mbili, tatu, nne, tano, ya mwisho. Watoto wakaipokea hivyo hivyo. Hata wale ambao nyumbani kwao Kiswahili hakijaingia walikuwa wakiimba nami, na neno "ya mwisho" walilipigia kelele pamoja, kundi zima.

Nilinunua viatu vya kukimbilia. Nilishona kanzu fupi pana na suruali yake, na ushungi nikauchomeka ndani. Mama alinitazama mlangoni siku ya kwanza, akasema nimefanana na nesi wa jeshi. Nilijua amekubali, kwa sababu asingekubali angenyamaza.

Mwaka wa pili, jirani aliona wakubwa wako tayari kuacha vitambaa na kuanza kukabana kwelikweli. Hakufanya pupa. Aliomba magodoro ya zamani majumbani, akayatandaza kwenye changarawe, na kwa miezi watoto hawakufanya lolote ila kujifunza kuanguka na kuangusha: kichwa pembeni, bega kiunoni, mikono ifunge. Tukahamia pia kucheza mechi kwenye uwanja wa mchanga laini ambao skuli moja ilituazima. Wavulana na wasichana wa rika lile walicheza pamoja.

Katika wasichana alikuwemo mmoja aliyetoka Darsait, huko mjini. Baba yake anauza vipuri vya magari, na mama yake ni wa zile familia za Kiomani zilizokaa Kigoma. Mtoto alikuwa mwembamba, mfupi, mkimya, lakini akikushika kiunoni umeshikika. Yeye na binti yangu walipendana. Binti yangu ndiye aliyekuwa mgumu kuangushwa kuliko wote, na yule wa Darsait ndiye pekee aliyekuwa hamwogopi.

Basi ilikuwa ni mechi yetu sisi kwa sisi, wenye vizibao vyekundu na wasiokuwa navyo, na refa ni mimi. Binti yangu aliupata mpira pembeni akachanja mbuga. Yule wa Darsait akamkata njia, akainama, akamshika kiunoni, wote wawili wakaenda chini. Nilikuwa karibu nao. Niliona kichwa kimekaa pembeni, mikono imefunga, mshiko uko chini kabisa ya mabega. Niliona pia binti yangu ameukumbatia mpira badala ya kuweka mkono, na bega lake likafika chini kwanza. Kisha nikasikia sauti, na sauti ile sitaieleza.

Nilipuliza filimbi mchezo usimame. Watoto wakatulia, wakaniangalia mimi. Mmoja akauliza, "Khala," yaani mama mdogo, kama walivyoniita wote, "faulo?"

"Hapana," nilisema. "Halali."

Ndipo nikatupa filimbi nikapiga magoti.

Ulikuwa ni mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani. Hospitali waliupiga picha, wakasema umevunjika pahala pazuri, kama mfupa una pahala pazuri pa kuvunjikia, wakamfunga mkono shingoni. Jirani alitufuata na gari lake, akakaa kwenye kiti cha korido akiwa amejiinamia. Ndani ya gari, tukirudi, binti yangu alikuwa akikitazama kitambaa kilichomfunga mkono. Halafu akasema, "Mama, nilikusikia ukisema halali."

Nikamjibu ndiyo, nilisema.

Akafikiri. "Lakini mpira haukuniponyoka," akasema. "Uliona?"

Niliona, nikamwambia. Ikabidi niegeshe gari kando ya barabara kidogo, kwa sababu nilikuwa siioni.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, akisikia yote. Nyumbani alimlisha mjukuu wake uji kwa kijiko, akamlaza, akaja jikoni.

"Kamvunja mtoto," alisema, "nawe ukasimama mbele ya watu ukasema halali."

"Ilikuwa halali, Mama."

"Nna mjukuu mmoja wa kike."

"Najua. Na mimi nna binti mmoja. Lakini ilikuwa halali."

Baada ya hapo aliacha kusema nami. Alikuwa anapitishia maneno kwa mtoto: mwambie mama yako chai iko tayari, muulize mama yako kama kesho anakwenda kazini. Mtoto alipeleka na kurudisha, na mkono wake shingoni, na nafikiri alifurahia kidogo.

Khabari ilienea kama inavyoenea kwetu. Ilipofika mitaa ya mbali, mfupa mmoja ulikuwa umekuwa mitatu. Ijumaa iliyofuata watoto walikuja wachache, na iliyofuata wachache zaidi, na baba mmoja alifika akamchukua mwanawe katikati ya mazoezi bila salamu. Jirani alijilaumu. Aliniambia atarudisha vitambaa kwa wote, au ataacha kabisa, kwani hakurudi nyumbani ili avunje watoto wa watu. Na mimi, wallahi, Ijumaa hizo nilikuwa nikipuliza filimbi kabla hata watoto hawajaangushana.

Yule wa Darsait hakuja tena.

Siku moja ya Jumamosi gari lilisimama getini kwetu. Alishuka mwanamke mnene, mchangamfu, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa mama wa mtoto yule. Nilikuwa nimezungumza naye kwa simu, akatupa pole na mimi nikamwambia mtoto wake hana kosa, lakini hatukuwa tumekutana tangu siku ile. Alimwamkia mama shikamoo, akasema wamekuja kumwangalia mgonjwa, ila mtoto amegoma kushuka garini. Anasema yeye ni mbaya. Chakula hali vizuri, na raga hataki kuisikia.

"Mimi nimemwambia mwenyewe," alisema, "nimemwambia dada kasema huna kosa. Anasema huyo anasema hivyo kwa adabu tu."

Nilinyanyuka niende. Mama akaninyooshea mkono nikae. Alijitanda buibui lake akatoka, polepole, magoti yake yakimsumbua kwenye ngazi, na mimi nikabaki mlangoni nikisikiliza. Mtoto alikuwa amekaa kiti cha nyuma, uso kwenye magoti. Mama akagonga kioo mpaka kikashushwa.

"Wewe ndiye uliyemwangusha mjukuu wangu?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Refa alisemaje?"

Mtoto akazidi kuinamia magoti.

"Nakuuliza wewe, refa alisemaje?"

"Alisema halali."

"Na refa ni nani?"

"Mama yake."

"Basi," alisema mama. "Yule mtoto ni wake wa kumzaa. Kama ungekuwa na kosa, wewe wadhani angekuficha? Shuka, mwanangu, chakula kinapoa."

Alimshika mkono mpaka ndani. Alinipita mlangoni bila kunitazama, lakini alipopita aliniambia nitoe sahani, na aliniambia mimi mwenyewe.

Katika sufuria mlikuwa na maharage ya mafuta ya mawese, mapishi ya kwao Kigoma. Mama aliyatazama yale mafuta mekundu kwa shaka kubwa. Aliuliza kama ni ya kupikia au ya kupaka. Halafu akala sahani mbili, akauliza mawese yanapatikana duka gani hapa Maskati. Watoto wale wawili walikaa chini ya meza ya majlisi, chumba chetu cha wageni, ingawa hawakuwa wadogo wa kukaa chini ya meza, na baadaye nikamwona binti yangu akimwonyesha mwenziwe jinsi ya kuanguka kwa kuviringika, huku mkono umefungwa. Nikawakataza wote wawili.

Mama wa Darsait ndiye aliyeijaza timu yetu. Sisi tulikuwa tukisubiri watu waje, na yeye alikuwa mtu wa kuwafuata. Alimrudisha mwanawe kiwanjani Ijumaa iliyofuata, na Jumapili akaanza kuwapigia simu wazazi walioondoa watoto, mmoja mmoja, akiwaeleza kwamba mfupa ni mmoja, unaunga, na aliyevunjika ndiye anayelia akitaka kurudi. Jirani naye aliongeza muda wa mazoezi ya kuanguka, akawagawa watoto kwa maumbo yao badala ya miaka, akawakaribisha wazazi wakae kwenye mikeka watazame kila anachofundisha. Mimi nikaleta mkoba wa huduma ya kwanza kutoka kwenye duka letu na kuwafundisha wazazi kufunga bandeji.

Halafu yule mama akaleta Darsait yote. Kule watu wanakaa kwenye mafleti juu ya maduka na gereji, na watoto hawana pa kuchezea. Alikuja na watoto wa fundi wa kuchomelea, Mhindi wa Kerala, ambaye alipoona tumesimamisha fito mbili za mianzi kama magoli alisikitika, akatutengenezea magoli ya chuma yenye umbo la H. Alikuja na watoto wa nesi wa Kikenya, aliyekuwa anaijua raga ya kwao ya wachezaji saba na akabishana na jirani kuhusu ipi ni bora, na mpaka leo wanabishana. Kulikuwa na baba mwenye basi dogo la kupeleka wafanyakazi, na Ijumaa basi lake lilipita njia ya bonde la Wadi Adai limejaa watoto wanaohesabu kwa Kiswahili.

Mama yangu alitoka garini. Alisema kiyoyozi kinamuumiza magoti. Akawekewa kiti cha plastiki kando ya mstari, na cha mama wa Darsait pembeni yake, na ugomvi wao ukawa sehemu ya mchezo. Mama husema skuli, mwenziwe husema shule. Mama humwambia kwamba Kiswahili cha bara kimepotea njia, na mwenziwe humjibu kwamba cha Unguja kinatembea kimelala. Waligombana kama mpira umedondoka au umeanguka, wakati mimi nilikuwa nimekwisha kupuliza filimbi na mchezo umekwenda upande mwingine. Mwenye mama wa namna hiyo hahitaji watazamaji wengine, lakini waliongezeka.

Mwenye kiwanja alikuja kujenga. Alikuja kwa heshima, akatuita, akasema mwanawe anaoa na anahitaji nyumba, akatuomba radhi kwa kutumia mali yake mwenyewe. Tulimshukuru kwa miaka aliyotuachia. Watoto walishika magoli ya chuma kila mmoja pahala pake wakayapandisha kwenye pikapu. Tulihangaika msimu mmoja, leo huku kesho kule, mara kwenye mchanga wa skuli, mara kwenye bonde ambalo mvua moja ililifanya ziwa. Kisha tukapata nyasi za kukodi upande wa pili wa mlima, jioni mbili kwa wiki, na hapo ndipo wakaja watoto wa Khuwair na wa kwingine walioiona Al Amerat mbali. Sasa tuna makundi ya rika nne na kundi la wasichana peke yao. Jezi zetu zilileta ugomvi mkubwa kuliko mfupa uliovunjika, mpaka tukachagua rangi ya kahawia ya vilima, ambayo haikupendwa na yeyote lakini haionyeshi vumbi.

Timu ya kwanza ya wageni ilitoka nje ya nchi kwa basi. Walipocheza na wetu, kocha wao alikuja kwangu mapumzikoni, mtu mpole, akaniambia kwa adabu kwamba anaona watoto wetu wanajua hesabu na wake hawajui, na si sawa. Alikuwa na haki. Nilimwambia nitahesabu kwa Kiarabu na Kiingereza. Nikajaribu. Nilipofika mara ya tatu nikapotea, wetu wakapotea, na wageni wakaanza kucheka. Kocha yule akawaita wake pembeni, akaniomba niwatamkie taratibu, nao wakajifunza pale pale. Kipindi cha pili uwanja mzima ulihesabu pamoja. Walitufunga vibaya sana. Usiku walilala majumbani kwetu, na sisi tulipewa watatu, waliomaliza mkate wa kumimina wote aliopika mama kwa ajili ya asubuhi, na asubuhi ikabidi apike tena, na akapika akiimba.

Jirani ameoa. Nywele zake zimeanza mvi za mapema, na anasema ni sisi. Binti yangu ana miaka kumi na tano, na mabega yake sasa hajui kuyaficha. Yeye na mwenziwe wa Darsait wanacheza upande mmoja, kwa amri ya bibi.

Mwezi uliopita nilikuwa kazini, nimevaa koti jeupe na barakoa kwa sababu ya mafua, alipoingia mama mmoja na mwanawe wa kiume mwenye goti lililochubuka. Alitaka dawa ya kidonda. Nikamuuliza kwa sauti yangu ya dukani mtoto kaumia wapi, akaniambia wamehamia karibuni na mtoto ameingia kwenye timu moja ya raga, mchezo wa kikatili kutazama lakini mtoto anaupenda, na mwenyewe bado hajapata nafasi ya kwenda kuwaona.

"Wana refa mwanamke," aliniambia akiinamia kaunta, kama anayetoa siri. "Mwanangu anasema ni mkali, hakuna mfanowe. Anasema hata mwanawe mwenyewe hampendelei."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amekwisha kunitambua, kwa macho nadhani, na alikuwa anakagua vigae vya sakafu kimoja kimoja. Sikumsemea. Nilitoa dawa, nikamweleza mama yake asafishe kwanza kwa maji safi, apake asubuhi na jioni, na Ijumaa hii mtoto asicheze mpaka kidonda kifunge.

"Kwani na wewe waujua mchezo huo?" aliniuliza.

Nikamwambia kidogo. Alilipa, akanishukuru, wakatoka. Mlangoni yule mtoto aligeuka, akaninyooshea vidole vitano, kisha kidole kimoja, midomo yake ikisema bila sauti "ya mwisho", na mlango ukajifunga nyuma yao. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mzee mwenye kikohozi.